Umeng'oa hita ya gesi, umefunga pampu ya joto, na maji hayaeleweki: pa kuanzia

Malalamiko huja kwa sentensi moja: "Fundi, mashine yako mbovu." Huongezeka kati ya Juni na Agosti, Arusha ikiwa imepoa na kila mtu anataka maji moto asubuhi na jioni. Ukifika, mara nyingi mashine haina kosa lolote. Nyumba ndiyo bado inaishi kwa taratibu za mtungi: mabomba, shawa na nyaya za umeme vyote vilipangwa kwa ajili ya hita ya gesi, na mashine mpya ikachomekwa palepale ilipokuwa ya zamani.

Kwa hiyo tafuta tatizo kwa mpangilio huu: maji kwanza, kisha hewa, kisha umeme, na gesi iliyo ndani ya mashine (ya kupoozea kama ya friji, si ya kupikia) iwe ya mwisho kabisa. Mafundi wengi huanzia mwisho, kwa kuwa geji za gesi ndizo walizokuja nazo begani. Hapo ndipo mteja anapolipia kitu ambacho hakikuwa kimeharibika.

Kwa asiyeijua: pampu ya joto ni friji iliyogeuzwa. Feni inavuta hewa ya nje na kuipitisha kwenye mapezi (vibati vyembamba) yenye gesi baridi. Gesi inachukua joto la ile hewa, kompresa inaikandamiza mpaka inapata moto zaidi, na moto huo unahamia kwenye maji ya tanki. Umeme unafanya kazi ya kulihamisha joto tu, ndiyo maana kwa hali ya hewa ya huku uniti moja ya umeme (kilowati moja kwa saa nzima) inaweza kuleta uniti tatu za joto, na mchana wa Moshi hata zaidi. Wenzetu Uingereza wanang'oa boila za gesi zinazopasha nyumba nzima, na serikali inawachangia pauni 7,500 kwa England na Wales. Huku hakuna anayepasha sebule, baridi ya mwezi wa saba tunaimaliza kwa sweta. Kwetu suala ni maji ya kuoga, ya vyombo, na ya vyumba vya wageni. Ukisoma ushauri wa huko kuhusu radieta na sakafu za moto, upite tu.

Kabla ya yote, kaa na namba moja kichwani. Hita ya gesi ya lita 10 kwa dakika ikiwaka inatoa joto la kama kilowati 17. Pampu ya nyumbani inatoa kilowati mbili hadi tatu. Gesi inapasha maji yakiwa yanapita, pampu inapasha polepole na kuweka akiba kwenye tanki. Zaidi ya nusu ya matatizo yaliyo hapa chini yanatokana na tofauti hiyo.

"Wawili wameoga, wa tatu amekuta baridi"

Chukua tanki la lita 200 lililopashwa hadi nyuzi 55, na maji baridi yanayoingia yawe nyuzi 18. Mtu anaoga kwa maji ya nyuzi 40 hivi, yaani anachanganya. Kwa hesabu, lita 200 hizo zinazaa lita 330 za maji ya kuoga. Kwa vitendo toa moja ya tano, maana maji baridi yanayoingia chini hujichanganya na ya moto kabla tanki halijaisha, zinabaki lita 270. Shawa ya kawaida ya lita 8 kwa dakika, mtu akioga dakika nane, anatumia lita 64. Hao ni watu wanne.

Sasa nenda bafuni na ndoo ya lita 10 na simu yenye saa. Fungua shawa kama unavyoifungua ukioga, ujaze ndoo, uone imechukua sekunde ngapi. Ikijaa ndani ya sekunde 75, uko kwenye zile lita 8. Ikijaa ndani ya 40, shawa yako inamwaga lita 15 kwa dakika, na tanki lilelile linatosha watu wawili na kidogo. Hizi shawa pana zinazoitwa za mvua, ambazo kila nyumba mpya ya Njiro sasa inazo, ndizo zinazomaliza tanki. Hita ya gesi ilikuwa inajilinda yenyewe: ukifungulia sana, maji yalipoa mara moja, ukapunguza bila kuambiwa. Tanki halikuonyi, linatoa moto mpaka linaisha. Kichwa cha shawa kinachobana maji ni bei ndogo kuliko tanki la pili.

Ndoo ikionyesha shawa haina hatia, angalia mabomba kwenye tanki lenyewe. Maji baridi yanatakiwa kuingia chini, ya moto yatoke juu. Fundi bomba akiyapishanisha, baridi inaingia juu, inakutana na moto pale unapotokea, na utapata dakika chache tu za maji mazuri hata kama tanki zima limechemka. Weka mkono kwenye mabomba yote mawili wakati mtu anatumia maji: lenye alama nyekundu liwe moto, la bluu liwe baridi. Ikiwa ni kinyume, hakuna mipangilio ya kwenye kioo cha mashine itakayokusaidia, ni kufungua na kufunga upya.

Halafu kuna muda wa kurudisha. Tanki la lita 200 lililoisha kabisa linahitaji kama uniti 8 za joto ili kurudi nyuzi 55. Kwa mashine inayotoa kilowati mbili, hizo ni saa nne. Familia ikioga asubuhi saa kumi na mbili na mwenye nyumba akataka kufua kwa maji moto saa mbili, atakuta vuguvugu, na mashine iko sawa. Kwa nyumba ya wageni, jibu ni tanki kubwa zaidi. Mashine yenye nguvu zaidi ni jibu la pili.

"Si baridi, si moto, ni vuguvugu tu"

Hapa wengi wanarukia kupandisha nyuzi kwenye kioo hadi 65 au 70. Usifanye hivyo kwanza. Fanya kipimo hiki, hakina gharama na hakihitaji fundi.

Funga koki ya maji baridi yanayoingia kwenye tanki. Nenda bafuni, fungua upande wa maji moto peke yake. Maji yatachuruzika kidogo kisha yanatakiwa yakome, kwa kuwa hakuna kinachoyasukuma. Yakiendelea kutoka, hayo ni maji baridi yanayopenya kwenye bomba la moto kutoka mahali pengine. Karibu kila mara ni mikisa, yaani koki inayochanganya moto na baridi: ya shawa, ya sinki la jikoni, au bomba la mpira la kutawadhia lililoachwa limefunguliwa mikisani na kufungwa kwa kichwa chake tu. Zungukia nyumba, funga koki ndogo za chini ya kila sinki moja baada ya nyingine. Pale maji yanapokoma ndipo penye mchawi.

Kwa nini tatizo hili halikuonekana wakati wa gesi? Nyumba nyingi zina maji ya aina mbili: baridi inatoka moja kwa moja kwenye bomba la mamlaka ya maji, iwe AUWSA kwa Arusha au MUWSA kwa Moshi, na moto unatoka kwenye simtanki la juu ya mnara. Mnara wa mita tatu unatoa presha ya bar 0.3 tu, kwa kuwa kila mita 10 za kimo ni bar moja. Maji ya bomba yana nguvu mara kadhaa ya hiyo. Kwenye mikisa yakikutana, yenye nguvu yanayarudisha yale mengine yalikotoka. Hita ya gesi isipopata mwendo wa maji wa kutosha haiwaki kabisa, kwa hiyo mtu alijua mara moja kuna shida ya presha na huenda aliweka pampu ndogo ya kusukuma. Tanki linakubali kila kitu kimyakimya na kukupa vuguvugu. Dawa ni kulisha pande zote mbili kutoka chanzo kimoja, au kufunga valvu za kuzuia maji kurudi.

Mikisa ikiwa salama, angalia saa ya mashine, na hapa naomba usicheke. Mashine inahesabu saa kuanzia usiku wa manane, sisi tunahesabu kuanzia alfajiri. Mama mwenye nyumba anataka maji yawe tayari saa kumi na moja jioni, anaandika 11:00, na mashine inaelewa saa tano asubuhi. Inapasha asubuhi, watoto wanayamaliza mchana, jioni vuguvugu. Unaandika 17:00. Umeme ukikatika kwa muda mrefu, baadhi ya mashine zinasahau saa kabisa na kuanza upya kutoka sifuri, kwa hiyo iangalie tena kila baada ya katizo refu.

Kama unaweza kuchagua, ipange ifanye kazi kati ya saa tano asubuhi na saa kumi jioni. Hewa ikiwa na joto ndipo mashine inapovuna zaidi kwa umeme uleule. Kuipasha alfajiri ya Julai pale Ilboru ni kuipa kazi ngumu kuliko zote.

Kuhusu nyuzi zenyewe: 50 hadi 55 zinatosha nyumba ya kawaida. Lakini mara moja kwa wiki tanki lifike 60 au zaidi, kwa ajili ya bakteria wa lejionela wanaopenda kuzaliana kwenye maji ya vuguvugu yaliyotulia. Mashine nyingi zina mpangilio wa kufanya hivyo zenyewe. Nyumba ya wageni yenye vyumba vinavyokaa wiki mbili bila mtu isiuzime huo mpangilio.

"LUKU inakimbia"

Hili ndilo linalonifurahisha kulitafuta, kwa sababu mita ya LUKU inatosha kuwa kipimo cha afya ya mashine nzima.

Chagua mchana ambao nyumba inaweza kukaa bila umeme kwa saa nne. Mwaga maji moto mpaka yatoke baridi kabisa, ukingie kwenye ndoo, yatafulia. Pima nyuzi za maji yanayoingia kwa kipimajoto, tuseme 20. Zima breka zote isipokuwa ya mashine. Andika uniti zilizobaki kwenye LUKU. Washa mashine mpaka ijizime yenyewe ikifika 55, na mtu yeyote asifungue maji moto. Andika tena uniti.

Lita 200 kutoka nyuzi 20 hadi 55 zinahitaji uniti 8.1 za joto. Hilo ni jambo la fizikia, halibadiliki kwa aina ya mashine. Ikiwa LUKU imekula uniti mbili na nusu hadi tatu, mashine yako ni nzima, acha kuisingizia. Ikila nne au tano, inahangaika: mapezi yana uchafu, imekosa hewa, au koili ya umeme, ile ya akiba ndani ya tanki, inaingilia katikati. Ikila nane na zaidi, kompresa haifanyi kazi kabisa na maji yote yamepashwa na koili ya akiba iliyo ndani ya tanki. Hali hii ya mwisho inaweza kuendelea miezi bila mtu kujua, maana maji yanatoka moto vizuri tu. Dalili yake ya nje ni feni kuwa kimya wakati kioo kinaonyesha mashine inapasha.

Koili kuingilia kunasababishwa na mambo mawili. La kwanza, kuna mtu alibonyeza kitufe cha kupasha haraka siku wageni walipokuja, na hakukizima. La pili, nyuzi zimepandishwa kupita uwezo wa kompresa. Mashine nyingi za nyumbani kompresa inaishia nyuzi 60 hivi. Ukiandika 70, zile kumi za juu zinapashwa na koili, uniti kwa uniti, bila faida yoyote ya pampu.

Mashine ikifaulu kipimo lakini LUKU bado inakimbia, joto linapotea baada ya kutoka kwenye tanki. Koki ya maji moto inayovuja lita mbili kwa saa inamwaga lita 48 kwa siku, karibu uniti mbili za joto. Bomba la moto lililopita nje ya ukuta bila kuvikwa sponji linapoa kila baada ya matumizi. Kwenye lodge kuna ile pampu ndogo ya kuzungusha maji moto ili mgeni asisubiri: ikizunguka usiku kucha kwenye mabomba yasiyovikwa, inageuza korido nzima kuwa radieta. Iwekee saa.

Na kuna jambo la bei lisilohusiana na hitilafu. Mteja wa TANESCO wa kundi la D1, lile la matumizi madogo, analipa uniti kwa bei nafuu mradi asivuke uniti 75 kwa mwezi. Pampu ikipasha lita 200 kila siku, yenyewe peke yake inatumia kama uniti 80 kwa mwezi. Kwa hiyo mwenye D1 atatoka kwenye kundi hilo hata mashine ikiwa nzima kabisa, na bei ya uniti ya taa, pasi na friji yake itapanda pamoja. Hili aambiwe kabla ya kununua. Ili kulinganisha, kazi hiyohiyo kwa hita ya gesi inakula kama kilo 24 za gesi kwa mwezi, mtungi mmoja wa kilo 15 na zaidi ya nusu ya mwingine. Weka bei ya mtaani kwako, utajua mwenyewe.

"Inavuja"

Kuna kuvuja kwa aina tatu na mbili kati yake ni za kawaida. Maji safi na baridi chini ya mapezi ni unyevu wa hewa uliogeuka kuwa maji, kama vile kiyoyozi kinavyotoa. Wakati wa masika yanaweza kujaza ndoo. Yaelekeze kwenye mfereji. Matone kwenye valvu ya usalama wakati mashine inapasha ni maji yaliyotanuka: lita 200 zikipanda kutoka nyuzi 18 hadi 60 zinaongezeka lita tatu, na kama bomba la kuingilia lina valvu ya kuzuia kurudi, lazima zipate pa kutokea. Usiizibe hiyo valvu kwa sababu yoyote. Nimeona imefungwa kwa plagi ya bomba, na tanki lililozibwa hivyo likipitiliza joto linaweza kupasuka.

Aina ya tatu ni maji yanayotoka kwenye mwili wa tanki, yenye rangi ya kutu. Hapo fimbo ya magnesiamu ya ndani, inayoliwa na kutu badala ya tanki, iliisha zamani na hakuna aliyeibadilisha, sasa kutu inakula chuma chenyewe. Tanki hilo halizibwi. Fimbo ikaguliwe kila mwaka au miaka miwili, kutegemea maji. Watu wa huku hulaumu floridi kwa kila kitu, kwa kuwa maji mengi ya kuzunguka Meru na Kilimanjaro yanayo. Floridi inaharibu meno na mifupa, haizibi mabomba. Kinachoacha ukoko mweupe kwenye koili ni ugumu wa maji, yaani kalsiamu na magnesiamu, na huo unatofautiana kisima kwa kisima. Na kwa kuwa tumeigusa: kuchemsha hakuondoi floridi, kwa hiyo maji ya tanki hili si ya kunywa kwa sababu tu yamepata moto.

"Mapezi yameota barafu"

Mapezi yanafanya kazi yakiwa baridi kuliko hewa inayoyapita, kwa hiyo hewa ikishuka chini ya nyuzi saba hivi, barafu ni halali na mashine inajua kuiyeyusha. Lakini Arusha mjini usiku wa baridi huwa nyuzi kumi na kitu, na Moshi iliyo chini zaidi ina joto zaidi. Barafu inayoganda Njiro au Soweto ya Moshi ina maana hewa haipiti, au gesi imepungua. Namna ya kutofautisha iko machoni. Barafu iliyotanda sawasawa mapezi yote: hewa. Barafu sehemu moja tu, karibu na bomba dogo linapoingia, na sehemu nyingine pakavu: gesi. Panda juu kuelekea Marangu au Machame, na hukumu hii inalegea, huko baridi ya kweli ipo.

Sababu kubwa ya hewa kutopita kwa kweli ni hofu ya wezi. Mashine ina shaba ndani, na kila mtu anajua shaba inauzika. Kwa hiyo inajengewa kizimba. Kimoja nilichokikuta Rau, kwenye nyumba ya wageni, kilikuwa kabati la zamani la mitungi ya gesi: matofali pande tatu, mlango wa bati, na turubai juu yake kwa ajili ya mvua. Mashine iliingia humo vizuri kama imepimwa. Nje kulikuwa na nyuzi 27. Ndani ya kabati, kipimajoto kilisoma 14, maana hewa baridi iliyotemwa na mashine haikuwa na pa kwenda, ikavutwa tena, ikapozwa tena, mpaka mapezi yakaganda mchana wa jua kali. Mhudumu alikuwa akifungua mlango ule kila asubuhi kumwagia mapezi maji ya moto kutoka jikoni. Tulitoa bati, tukaweka nondo zilizoachana, na turubai likaondoka. Barafu haikurudi.

Kizimba cha nondo hakina shida. Acha sentimita 20 hadi 30 nyuma na pembeni, na upande feni inapotemea uwe wazi kabisa mita moja na nusu au zaidi. Usielekeze mdomo wa feni kwenye ukuta wa jirani, utapata barafu na kesi kwa pamoja.

Vumbi ni suala la pili. Kiangazi, kandokando ya barabara zisizo na lami, mapezi yanaziba kwa miezi michache. Yaoshe kwa maji ya bomba ya kawaida, ukisukuma kutoka ndani kwenda nje, mashine ikiwa imezimwa kwenye breka. Usiipeleke ile pampu ya kuoshea magari karibu nayo: mapezi ni alumini nyembamba, yanalala na hayainuki tena. Kumbuka pia kwamba Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya bahari na hewa yake ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10 kuliko ya Tanga. Feni ileile inabeba hewa pungufu kuliko ilivyoandikwa kwenye kitabu, kwa hiyo uzembe mdogo wa vumbi unaonekana mapema huku kuliko pwani.

"Inajizima yenyewe, breka inaanguka"

Hita ya gesi ilikuwa inawasha cheche kwa betri mbili kubwa za tochi. Hakukuwa na waya wa maana ukutani pale. Fundi aliyekuja na pampu akatafuta soketi ya karibu, pengine hata akaunga kwenye laini ya taa. Kompresa na koili vikiwaka pamoja vinavuta ampea 12 hivi, na waya wa milimita mraba 1.5 wa mita 20 utapata moto na kushusha volti. Mashine inahitaji laini yake yenyewe kutoka kwenye mein switchi, waya wa 2.5 au wa 4 kama ni mbali, na breka yake.

Pima volti kwenye mashine jioni, kompresa ikiwa inazunguka. Kupima ikiwa imezimwa hakukuambii kitu. Umeme wetu ni wa volti 230, na ukisoma chini ya 200 kompresa inateseka, nyingi zitajizima zenyewe. Pima na kwenye mein switchi muda uleule. Kama huko ni 225 na kwenye mashine 198, waya wako ndio tatizo. Kama kote ni 198, ni laini ya mtaa, hama kwenda kupasha mchana, au funga stabilaiza ya ukubwa unaostahili. Kile kikinga-friji cha dukani hakiongezi volti. Kinakata tu, na kazi yake nzuri ni kuichelewesha kompresa dakika tatu hadi tano umeme unaporudi.

Breka ikianguka pale tu koili inapoingia, izime koili kwenye mipangilio na uache kompresa peke yake. Ikishika, koili imepasuka na maji yameingia, ibadilishwe. Ikianguka hata hivyo, fungua kifuniko baada ya kuzima na uangalie bodi: mjusi aliyekaukia juu ya bodi ya umeme ni chanzo cha kawaida kuliko watu wanavyodhani, na sisimizi wanapenda joto la pale.

Mtu akisema amepigwa shoti bafuni, hata kidogo, hata "kama sisimizi tu", zima mein switchi na asioge mtu mpaka fundi umeme apime ethi (waya wa ardhini). Hilo halisubiri kesho.

Harufu ya gesi

Kama inanuka gesi ya kupikia baada ya kubadilisha, haitoki kwenye pampu. Ni bomba la zamani. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hutulia chini, kabatini, kwenye shimo la maji machafu. Toa mtungi, fungua milango, usiguse swichi. Bomba la zamani lisiachwe limebanwa kwa waya: lifungwe kwa kofia ya kukazwa kwa kuzungusha pande zote mbili na lipimwe kwa povu la sabuni. Wanaoiacha hita ya zamani iwe ya akiba, na iko bafuni, waitoe leo. Kaboni monoksaidi haina harufu, inaanza na kichwa kuuma na kizunguzungu, na bafu lililofungwa halitoi nafasi ya pili.

"Fundi anasema gesi imeisha"

Gesi ya ndani ya mashine haiishi kwa kutumika. Iko kwenye mzunguko uliofungwa, na ikipungua kuna tundu. Kwa hiyo anayetaka kuongeza bila kutafuta tundu anakuuzia gesi itakayovuja tena. Kabla hajafungua chochote, mwonyeshe matokeo yako ya LUKU na picha ya barafu. Kama barafu ilikuwa sawasawa, au uniti zilikuwa tatu, hana kazi hapo.

Kama kweli imepungua, kibandiko pembeni mwa mashine kinasema aina ya gesi na gramu zake. R134a, R410A, R32 na R290 hazichanganywi. R410A ina presha kubwa kuliko R22 aliyoizoea fundi wa friji na viyoyozi, na geji za zamani hazifai. R290 ni propani, inawaka, kwa hiyo hakuna kuchomea kwa moto wakati mfumo una gesi. Na kwa kuwa jina hilo linafahamika, kuna watakaotaka kujaza kutoka mtungi wa jikoni. Wakatalie. Gesi ya kupikia ni mchanganyiko wa propani na butani uliotiwa harufu, haikusafishwa kwa ajili ya kompresa.

Kazi sahihi ina hatua nne: kutafuta tundu kwa naitrojeni na povu, kuliziba, kuvuta hewa yote kwa pampu ya vakyumu, kisha kujaza kwa kupima gramu kwenye mizani. Akisema "tuongeze kidogo tuone", mpe nauli yake, na utafute mwenye mizani.